Digrii ya biashara upande wa masoko: sifa za kuingia na za kumaliza, hatua kwa hatua

Kila mwaka matokeo ya fomu siksi yakitoka linarudi swali lile lile, mtoto anataka kusoma biashara ajikite kwenye masoko, ana divisheni three, je anaingia chuo au haingii? Na wengi wanajijibu wenyewe haraka haraka, "nina three mimi nimeshapita", wanaaplai chuo kimoja tu, halafu majina yanatoka hawamo. Inauma sana kwa sababu mara nyingi sio kwamba mtoto hana uwezo, ni kwamba hakuna mtu aliyekaa naye akamwonyesha kitu gani hasa kinaangaliwa. Kwa hiyo naandika hapa kwa upande wa Tanzania, kwa mtu wa fomu siksi na wa diploma pia, na mzazi ukisoma mpe mwanao asome mwenyewe.

Jambo la kushika kabla ya yote: vinaangaliwa vitu vitatu kwa pamoja. Pointi zako, masomo uliyopatia hizo pointi, na hesabu. Kimoja kikikosekana viwili vilivyobaki havikuokoi, na watu wengi wanaangalia pointi peke yake.

Hatua ya 1: Piga pointi zako kwa hesabu ya TCU, usipige za divisheni

Hapa ndipo wengi wanapotelea. Kuna pointi za aina mbili na zinakwenda kinyume. Pointi za divisheni za NECTA, Baraza la Mitihani, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7, yaani zikiwa chache ndio vizuri. Pointi za TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, zimegeuzwa: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Hizi zikiwa nyingi ndio vizuri. Na TCU inachukua masomo mawili tu, sio matatu.

Kiwango cha chini kabisa cha kuingia digrii kwa mtu wa fomu siksi ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4 kutoka kwenye masomo mawili. Prinsipo ni kuanzia A mpaka E. S ni sabu, yaani ufaulu ulio chini ya prinsipo, haihesabiki hapo, na GS (General Studies) haihesabiki hata ungepata A, na BAM (hesabu ndogo ya fomu siksi) vile vile, ila BAM ina kazi yake nyingine nitaisema chini.

Sasa tazama watu wawili wamekaa dawati moja, wote ECA (uchumi, komesi, akaunti), wote wametoka na three ya 14. Wa kwanza ana D ya uchumi, D ya komesi, S ya akaunti. Wa pili ana D ya uchumi, E ya komesi, E ya akaunti. Ukipiga divisheni, wa kwanza 4+4+6 ni 14, wa pili 4+5+5 ni 14, wamelingana kabisa. Ukipiga ya TCU, wa kwanza D na D ni 2+2, anapata 4, ana sifa. Wa pili D na E ni 2+1, anapata 3, hana sifa. Huyu wa pili amefaulu masomo yote matatu na mwenzake kakwama moja, lakini chuo kinamchukua mwenzake. Mwenye C moja na E moja ana 4, anaingia kwenye hesabu. Mwenye E tatu hana.

Kama ulimaliza 2014 au 2015, enzi zile za B+, mahesabu yako ni tofauti kidogo: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, na unatakiwa uwe na C mbili angalau. Usije ukatumia ya wenzako wa leo.

Hatua ya 2: Angalia masomo yako yanakubalika kwenye kozi yenyewe

Zile pointi 4 hazitoki kwenye somo lolote tu, zinatoka kwenye masomo ambayo kozi imeyataja. Hii ndio sababu mtu ana pointi 6 na bado anakataliwa.

Fungua kitabu cha mwongozo cha TCU (kipo bure kwenye tovuti yao, na vipo viwili, kimoja cha wa fomu siksi na kingine cha wa diploma, hakikisha umeshika cha kwako). Nenda kwenye chuo unachotaka, tafuta kozi, soma mstari mzima wala usiishie kwenye jina. Utakuta sehemu inayotaja masomo, sehemu inayotaja pointi za chini ambazo chuo chenyewe kimeweka, idadi ya nafasi, na miaka ya kusoma. Hiyo sehemu ya pointi za chuo watu wanairuka sana. 4 ni kiwango cha nchi, chuo kinaruhusiwa kuweka juu zaidi, kwa hiyo ukikuta kimeandika namba kubwa kuliko 4 basi hiyo ndio yako, usibishane na mtu wa admisheni.

Kwa kombi, yaani mchanganyiko wako wa masomo, mwenye ECA amekaa vizuri kuliko wote, EGM (uchumi, jiografia, hesabu) na HGE (historia, jiografia, uchumi) pia hawana shida kwa sababu uchumi upo. Wa PCM (fizikia, kemia, hesabu), CBG (kemia, baiolojia, jiografia) na wengine wa sayansi vyuo vingi vinawapokea kwenye biashara, na mwenye hesabu kubwa ana nafasi nzuri tu. Wa HKL (historia, kiswahili, kiingereza) na HGL (historia, jiografia, kiingereza) ndio wanatakiwa kuwa makini, maana kozi moja itakubali historia na kiingereza, nyingine ya jina linalofanana chuo cha jirani itataka lazima kuwe na uchumi, komesi au akaunti. Ukiwa kwenye kundi hili andika orodha ya kozi zinazotaja masomo yako kwa majina, hizo tu ndio uaplai.

Hatua ya 3: Hesabu ya fomu foo

Kwenye kozi nyingi za biashara, masoko ikiwemo, utakuta sharti la namna hii: kama hesabu sio moja ya prinsipo zako, basi uwe na angalau S ya BAM au ya hesabu ya juu, au uwe na ufaulu wa hesabu fomu foo. Wengine wanasema D ya fomu foo inatosha, wengine wanataka C. Soma neno kwa neno.

Mtu mwenye F ya hesabu fomu foo na hakusoma BAM ana njia tatu. Moja, atafute kozi ambayo haikuweka sharti hilo, zipo ila chache. Mbili, arisiti hesabu kama mtahiniwa wa kujitegemea, unajisajili NECTA mapema mwaka, mtihani Novemba, matokeo Januari, unaaplai dirisha la mwaka huo. Tatu, apite diploma kwanza, lakini hata huko asome masharti. Mimi nashauri kurisiti. Mwaka mmoja unaona mrefu ukiwa na miaka 19, lakini ile F itakusumbua kwenye kila kozi ya biashara utakayoigusa huko mbele, bora uimalize.

Na kuna kitu lazima nikiseme hapa. Wapo wanaochagua masoko kwa kuamini kwamba ndio biashara isiyo na hesabu, kwamba ni mambo ya matangazo na kuongea vizuri. Ndugu yangu, mwaka wa kwanza utakutana na hesabu za biashara, takwimu, misingi ya uhasibu, uchumi mdogo na uchumi mkubwa, vyote vya lazima, na mwaka wa pili utafiti wa soko umejaa takwimu mwanzo mwisho. Mfano mdogo wa darasani: duka linanunua katoni ya sabuni 20,000, ndani kuna vipande 24, linauza kipande 1,000. Faida ni 4,000. Ukiulizwa faida ni asilimia ngapi ya gharama, ni 20. Ukiulizwa ni asilimia ngapi ya mauzo, ni kama 16.7, kwa sababu sasa unagawa kwa 24,000. Ukichanganya hizo mbili kwenye kikao cha bei umeiingiza kampuni hasara. Na kama kodi ya duka ni 200,000 kwa mwezi, inabidi zitoke katoni 50 ndio kodi tu ilipwe, kabla hujamlipa hata mtu wa kuuza. Hiyo ndio hesabu ya masoko, sio ngumu kihivyo, ila ni ya kila siku, na anayeikimbia anateseka miaka mitatu.

Hatua ya 4: Kama unatokea diploma

Wewe unatakiwa uwe na ufaulu wa masomo manne fomu foo (D kwenda juu, dini hazihesabiwi) na diploma, yaani NTA levo 6, yenye GPA (wastani wa alama) ya 3.0 au zaidi. Diploma iwe inahusiana: masoko, uongozi wa biashara, uhasibu, manunuzi, hizo ndio za kawaida. Kabla ya kuaplai omba AVN kutoka NACTVET, baraza la vyuo vya ufundi, ni namba inayothibitisha kwamba diploma yako ni halali, na bila hiyo mfumo wa chuo haukupeleki mbele. Chuo chako cha diploma lazima kiwe kimeshatuma matokeo yako NACTVET ndio AVN itoke, na hapo ndipo watu wanakwama wiki mbili tatu, kwa hiyo fuatilia ukiwa bado upo chuoni, usisubiri dirisha lifunguliwe.

Mwenye diploma ya GPA chini ya 3.0, au fomu siksi ambaye pointi hazikufika, kuna kozi ya maandalizi ya Chuo Kikuu Huria. Unasoma mwaka, unatakiwa utoke na GPA ya 3.0, halafu unaaplai digrii. Ina masharti yake ya kuingia pia, sio kila mtu anapokelewa, lakini kwa mtu mzima mwenye kazi au biashara yake ni njia nzuri sana.

Uliyesoma Kenya, Uganda au kwingine, cheti chako cha sekondari kipeleke NECTA kilinganishwe kwanza, na diploma ya nje ipeleke NACTVET. Anza mapema.

Hatua ya 5: Chagua chuo kwa kuangalia jina la kozi

Masoko inakuja kwa majina tofauti. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale shule ya biashara kuna BCom (shahada ya biashara) ya masoko. Mzumbe wana BBA (shahada ya uongozi wa biashara) ya uongozi wa masoko. CBE, Chuo cha Elimu ya Biashara cha tangu 1965 chenye kampasi Dar, Dodoma, Mwanza na Mbeya, wana digrii ya masoko moja kwa moja. TIA, Taasisi ya Uhasibu, wameunganisha masoko na uhusiano wa umma. Chuo Kikuu Huria nao wanafundisha biashara kwa anayetaka kusoma huku anafanya kazi.

BCom na BBA tofauti yake kazini ni ndogo, BCom imeegemea zaidi uhasibu na fedha, BBA imeegemea zaidi uongozi, lakini tangazo la kazi kwa kawaida linaandika "shahada ya masoko, biashara au inayofanana" na zote zinaingia. Cha kuuliza ni kitu kingine: je chuo kinakupokea kwenye masoko tangu mwaka wa kwanza, au kinakupokea kwenye biashara ya jumla halafu unachagua mwaka wa pili au wa tatu? Kama ni ya kuchagua baadaye, uliza wanachagua kwa kigezo gani na kwenye cheti litaandikwa neno masoko au halitaandikwa. Piga simu ofisi ya udahili, uliza, ni haki yako. Na kozi iwe imo kwenye kitabu cha TCU. Kama haimo usilipe hata senti, hata wakikwambia ithibati ipo njiani.

Hatua ya 6: Kuaplai kwenyewe

Siku hizi unaaplai moja kwa moja kwenye mfumo wa kila chuo, ule wa kuombea sehemu moja TCU uliisha 2017. Dirisha la kwanza huwa linafunguliwa Julai baada ya matokeo. Ada ya maombi mara nyingi ni 10,000 kwa chuo, unapewa kontro namba unalipa kwa simu au benki. Aplai vyuo vitatu hata vinne, kimoja cha ndoto yako, viwili ambavyo pointi zako zinavuka kwa raha. Kuwa na sifa sio kuchaguliwa, nafasi zikiwa chache wanaanza na wenye pointi nyingi.

Sasa sikiliza hapa, hii ni muhimu kuliko unavyodhani. Wengi wanaenda steshenari, kijana wa pale anawajazia, na kwenye sehemu ya simu na imeili anaweka za kwake ili kazi iende haraka. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja TCU inataka uthibitishe kimoja, na namba ya siri ya kuthibitishia inatumwa kwenye ile simu na imeili iliyojazwa. Imeenda kwa mtu wa steshenari ambaye ana wateja mia. Siku zinaisha hujathibitisha, nafasi imepotea. Kwa hiyo jaza mwenyewe au simama pembeni yake uone namba YAKO imeandikwa, imeili fungua ya kwako, neno la siri andika kwenye daftari. Na laini hiyo usiibadilishe mpaka umesharipoti chuo.

Wanaokwenda JKT kwa mujibu wa sheria ndio wako kwenye hatari zaidi, maana dirisha linawakuta kambini na simu hamna. Kabla hujaondoka nyumbani mwachie mtu unayemwamini, mama au dada, namba yako ya mtihani ya fomu foo na fomu siksi, imeili na neno la siri, laini ya simu, na karatasi yenye majina ya vyuo na kozi kwa mpangilio unaoutaka. Mweleze na hiyo habari ya kuthibitisha, usidhani anaijua.

Hatua ya 7: Mkopo

HESLB, Bodi ya Mikopo, unaomba kwa mfumo wao wa OLAMS, peke yake, kuaplai chuo sio kuomba mkopo. Ada ya maombi imekuwa 30,000. Kinachochelewesha watu ni cheti cha kuzaliwa, lazima kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwanza (kwa Zanzibar ni ZCSRA), na kama mzazi alifariki cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Angalia majina. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed na cheti cha fomu foo kinasema Muhammad, nenda kwa wakili mapema ukatengeneze kiapo au dipoli (hati ya kisheria ya jina). Fomu inasainiwa na mdhamini, serikali ya mtaa na wakili au hakimu, halafu unaiskani kurasa zilizosainiwa na kuzipandisha. Kurasa isiyosomeka inarudishwa, kwa hiyo usipige picha na simu yenye kioo kilichopasuka.

Ukipata bumu, yaani hiyo hela ya mkopo, ni deni, ukianza kazi wanakata asilimia 15 ya mshahara. Sio la kuogopa, ni la kujua tu.

Hatua ya 8: Sifa za kumaliza

Kuingia ni nusu, hebu tuone chuo kinataka nini ili kikupe hiyo digrii. Miaka ni mitatu, semista sita, na kwa taratibu za TCU digrii ya miaka mitatu ni krediti 360 angalau, yaani 120 kwa mwaka, na krediti moja ni masaa 10 ya kusoma kwa ujumla, darasani na nje ya darasa. Kozi ya krediti 12 ni masaa 120, ukiona wenzako wanashinda laibrari ujue hawajionyeshi.

Mwaka wa kwanza ni vya biashara ya jumla, sheria ya biashara, mawasiliano, misingi ya masoko. Wa pili unaingia tabia ya mlaji, utafiti wa soko, usambazaji, usimamizi wa mauzo. Wa tatu matangazo na mawasiliano, masoko ya huduma, masoko ya kimataifa, masoko ya kidijitali, mkakati wa masoko, na karibu kila chuo kina andiko la utafiti. Majina na mpangilio vinatofautiana lakini uti wa mgongo ni huo.

Kwenye alama, vyuo vingi kosiweki (kazi na majaribio ya ndani ya semista) ni 40 na UE (mtihani wa mwisho) ni 60. Ukifeli kozi unafanya sapu, yaani mtihani wa marudio, ukifeli sapu unaikeri, yaani unaibeba mwaka unaofuata, GPA ikishuka chini ya kiwango cha chuo unadisko, yaani unaondolewa chuo. GPA ya chini ya kumalizia ni 2.0. Kuanzia 2.7 ni loa sekondi, 3.5 apa sekondi, 4.4 fesiti klasi. Lenga apa sekondi tangu semista ya kwanza, kwa sababu GPA inabeba kila semista na waajiri wengi wakubwa na masomo ya masta wanaanzia hapo au karibu na hapo, na mtu aliyeanza na 2.3 hata akipata A mwaka mzima wa tatu hafiki mbali.

Halafu fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Ni sehemu ya digrii, ina krediti, usipoenda humalizi. Kwa masoko tafuta sehemu utakayouza au kugusa wateja kweli: msambazaji wa vinywaji, kampuni ya simu kitengo cha mauzo, benki upande wa kufungua akaunti, kiwanda chenye magari ya kusambaza. Ofisi ambayo utakaa kupanga mafaili itakupa muhuri kwenye logibuku na hutakuwa na cha kusema kwenye intavyuu. Barua ya chuo ichukue mapema, ipeleke mwenyewe kwa mkono mwezi wa pili au wa tatu, uliza jina la anayeipokea na urudi baada ya wiki mbili kuulizia, maana ikifika Julai wanafunzi wa vyuo vyote wapo mtaani na nafasi nzuri zimeshaisha.